Je, Ajuaye Jibu Ndiye Ajuaye Kazi?



Katika nyumba ya jirani yangu hapa Kinondoni yumo binti mmoja ambaye amemaliza chuo cha uuguzi na kupata stashahada yake, lakini bado hana ruhusa ya kumhudumia mgonjwa. Jambo hili liliwashangaza watu wa nyumbani kwao. Mama yake, auzaye samaki wa kukaanga karibu na kituo cha daladala, aliniuliza, "Mwalimu, miaka mitatu nimelipa karo, na cheti nimekiona kwa macho yangu. Sasa mtihani gani tena?" Nikamweleza kadiri nilivyojua: kwamba kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna aruhusiwaye kufanya kazi ya uuguzi katika Tanzania Bara pasipo kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kwamba kabla ya leseni upo mtihani. Cheti cha chuo chasema kwamba mtu amesoma. Leseni yasema kwamba aweza kuachwa peke yake na mgonjwa usiku. Mama akatikisa kichwa, akarudi kwenye karai lake.

Binti mwenyewe alikwisha kuufanya mtihani huo mara moja, na hakufaulu. Sasa anajiandaa kwa mara ya pili. Jioni huja barazani kwangu na kitabu chake cha maswali, maana kwao watoto ni wengi na televisheni haizimwi. Mimi si muuguzi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mkufunzi wa chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Lakini kushika kitabu chenye majibu na kumwuliza mtu maswali ni kazi niliyoizoea. Basi mimi huuliza, naye hujibu, mpaka mbu watufukuze.

Nilidhani nitakuta maswali ya kutaja, kama tuliyozoea sisi: taja mifupa ya mkono, eleza kazi tatu za ini. Hasha. Mengi ni maswali ya kazini. Nitawapeni moja, nanyi mjaribu. Mgonjwa anaongezewa damu wodini. Baada ya dakika kumi anaanza kutetemeka kwa baridi, analalamika kwamba kiuno kinamwuma, na pumzi inampaa. Utafanya nini kwanza? Utamwita daktari? Utampima joto? Utaifunga ile damu isiendelee kuingia? Au utamfunika blanketi?

Mimi nilisema blanketi. Msicheke, nilimwona mtu anatetemeka.

Jibu ni kuifunga damu, kwa kuwa huenda damu ile haipatani na yake, na kila tone liingialo lazidi kumdhuru. Kisha mshipa huachwa wazi kwa maji ya chumvi kupitia mpira mpya, daktari huitwa, na mengine hufuata. Lakini tazameni jinsi swali lilivyotungwa. Majibu yote manne ni mema. Muuguzi mzuri atayafanya yote manne kabla robo saa haijapita. Swali halimtaki achague kati ya jema na baya. Lamtaka achague lipi katika mema litangulie, na ugumu wote umo katika neno moja, "kwanza". Niliweka kitabu chini nikafikiri kidogo, maana nimekaa katika kamati nyingi za shule na za kanisa, na sikumbuki tuligombana hata mara moja juu ya jema na baya. Magomvi yetu yote yalikuwa juu ya lipi litangulie, paa au madawati.

Turudi kwa binti. Siku za mwanzo alinifurahisha mno. Nilikuwa sijamaliza kusoma swali naye amekwisha kusema, "C." Maswali ishirini, akapata kumi na tisa. Nikajisemea kwamba huyu alishindwa kwa hofu tu. Lakini ualimu ni ugonjwa usiopona. Siku moja nilisoma swali lile lile la damu, ila nikabadili mpangilio wa majibu, nikaliweka la damu mwanzoni na la blanketi mahali pa tatu. Akasema, "C."

Tulikaa kimya kidogo. Sikumcheka, wala yeye hakujitetea. Alijua, nami nilijua, kwamba kwa wiki mbili tulikuwa tukikariri herufi. Kama mtihani ungemjia kwa mpangilio wa kitabu, angepita, na mahali fulani mgonjwa mmoja angefunikwa blanketi vizuri huku damu ikiendelea kuingia.

Ni katika wiki hiyo hiyo ndipo alipopigiwa simu na mtu aliyesoma naye. Huyo alisema anayo "maswali yenyewe", na kwamba kwa shilingi elfu hamsini angemtumia. Sijui kama yalikuwa maswali ya kweli. Nadhani ulikuwa utapeli, maana mjini hapa mwenye shida hutafutwa na matapeli kama mzoga utafutwavyo na kunguru. Lakini tusikimbilie mlango huo. Tuseme yalikuwa ya kweli. Binti hakuwa mjinga wala mwovu. Alikuja kuniuliza, na swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyotazamia.

Alisema hivi: "Bibi, tuseme yana maswali mia. Nikiyachukua na kuyasoma vizuri, siyo herufi bali sababu zake, je, sitakuwa nimeyajua mambo mia ambayo jana sikuyajua? Jibu ni jibu. Mgonjwa hataniuliza nililipata wapi."

Ningeweza kumjibu kwamba ni wizi, na wizi ni dhambi, tukamaliza. Ni kweli. Lakini mtu akikuuliza kwa nini jambo ni baya, nawe ukamjibu kwa kulitaja jina la ubaya wake, hujamjibu. Tena kuna jambo jingine. Wizi wa mtihani wa shule twajua unamwibia nani: unamwibia mtoto wa jirani nafasi ya kidato cha kwanza. Katika mtihani wa leseni hakuna nafasi ya mtu inayochukuliwa. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Mtihani wa namna hii hauulizi nani amewazidi wenzake, wauliza jambo moja tu: je, huyu ni salama? Marekani, ambako mtihani wao wa leseni huitwa NCLEX, tangu mwaka 1994 hufanywa kwa kompyuta, nayo humpa mtahiniwa swali gumu zaidi au jepesi zaidi kwa kadiri alivyojibu lililotangulia, na huweza kumsimamisha mapema mara iwapo na hakika kwamba yuko juu ya mstari au chini yake. Wawili waweza kujibu idadi tofauti ya maswali na wote wakafaulu. Haipangi watu kwa ushindi. Basi binti akiiba, anamwibia nani?

Nilimwomba anipe muda mpaka kesho yake. Jibu nililipata jikoni.

Mpishi aonjaye mchuzi huchukua kijiko kimoja tu. Hanywi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko chatosha, kwa sharti moja, kwamba kilichomo kijikoni ndicho kilichomo sufuriani. Sasa fikirini mpishi ambaye, akijua mwenye nyumba anakuja kuonja, anatia chumvi kwenye kile kijiko peke yake. Mwenye nyumba ataonja na kusifu, kisha wageni watakula chakula kisicho na chumvi. Maswali mia ni kijiko. Kazi ya uuguzi ina mambo maelfu, wala hakuna mtihani uwezao kuyauliza yote. Wauliza mia ili ukisie yaliyobaki. Ayajuaye yale mia kwa kupewa kabla ameongeza kweli mambo mia katika akili yake, sikatai. Lakini amekiharibu kijiko. Yale mia hayasemi tena lolote juu ya sufuria. Na atakayekula chakula hicho ni mtu asiyekuwapo barazani, ambaye huenda hata kuugua hajaugua bado, amelala salama kwake Tandale au Mkwajuni, naye siku atakapofikishwa Mwananyamala hatamwuliza muuguzi kuhusu leseni yake. Atanyosha mkono tu ili achomwe sindano. Huyo ndiye aibiwaye.

Binti alisikiliza, akacheka kidogo, akasema, "Kwa hiyo hata kitabu hiki, Bibi? Na haya maswali ya miaka ya nyuma tunayoyafanya kila jioni, siyo kutia chumvi kwenye kijiko?"

Hapo alinipata. Yafaa niungame jambo.

Katika chuo kimoja nilichofundisha nilipewa jina la utani na wanachuo, jina la mtabiri. Nilikuwa na kipaji cha kubashiri maswali ya mtihani wa mwisho. Nilikaa na karatasi za miaka kumi iliyopita, nikatazama lipi limeulizwa mara ngapi na lipi limekaa muda mrefu bila kuulizwa, kisha katika mwezi wa mwisho nikafundisha hayo tu. Sikuiba kitu. Hakuna sheria niliyoivunja. Wanachuo wangu walifaulu, na mkuu wa chuo alinipongeza mbele ya watu. Mwaka uliofuata nilitembelea shule moja ya kijijini, nikamkuta kijana wangu mmoja, aliyekuwa amepata alama nzuri kabisa katika somo langu, amesimama mbele ya darasa la tatu hawezi kueleza kwa nini saba mara nane ni sawa na nane mara saba. Aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Watoto walimtazama. Aliponiona mlangoni alitabasamu kwa furaha, maana mwalimu wake amekuja. Sikuweza kutabasamu.

Basi mimi nimetia chumvi kwenye kijiko kwa miaka, kwa mikono safi, na kupewa zawadi. Ndiyo sababu sikuweza kumjibu binti upesi kwamba kitabu chake ni halali na simu ile ni haramu, kana kwamba mpaka kati yao uko wazi. Mpaka upo, lakini haupiti pale tulipodhani. Haupiti kati ya karatasi ya mwaka jana na karatasi ya mwaka huu. Swali la zamani laweza kutumiwa vibaya kama nilivyolitumia mimi, yaani kama ufunguo wa mlango mmoja. Laweza pia kutumiwa kama mgonjwa wa kuigiza, wa kukosea kwake bila kuumiza mtu. Mtoto ajifunzaye kusuka huanza na nyasi kabla hajapewa ukili. Hakuna amwitaye mdanganyifu.

Tukabadili namna ya kusoma. Kwanza nilizifuta herufi zote kitabuni kwa kalamu nyeusi. (Kitabu kilikuwa cha kuazima, nitakilipa.) Pili, akitoa jibu, humwuliza kwa nini yale matatu mengine si sahihi, moja moja. Tatu, nampa swali kisha namgeuzia: na kama mgonjwa ni mtoto? Na kama uko peke yako zamu ya usiku na daktari hapatikani? Na kama damu si ya mgonjwa huyu, bali mfuko umeandikwa jina la mwenzake wa kitanda cha pili, utafanya nini baada ya kuifunga, na utamwambia nani? Swali hili la mwisho halimo kitabuni. Alifikiri muda mrefu. Akasema, "Nitaandika katika kumbukumbu kama ilivyotokea, hata kama ni mimi niliyeitundika." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Natumaini."

Neno hilo "natumaini" hakuna mtihani ulipimao, na hapa ndipo penye hoja kubwa ya kale. Wengi wenu mwajua jina la Florence Nightingale, aliyezaliwa tarehe 12 Mei 1820, ambayo hadi leo ni siku ya wauguzi duniani, na aliyefungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Wachache wajua kwamba mama huyo aliupinga usajili wa wauguzi na mtihani wa taifa. Chama kilichoongozwa na Ethel Gordon Fenwick kilianzishwa Uingereza mwaka 1887 kudai kwamba muuguzi apimwe na kuandikwa daftarini ili watu wamtofautishe na asiyejua kitu. Nightingale alikataa. Kwa maoni yake mtihani waona kichwa tu, nao uuguzi umo katika tabia: uvumilivu, ukweli, kutochoka na mgonjwa msumbufu. Tena jina likiisha kuandikwa daftarini litakaa humo, hata kama mwenyewe ameharibika baada ya miaka kumi. Dunia haikumfuata. New Zealand ilitunga sheria ya usajili mwaka 1901, na Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikwa, mwaka 1902. Uingereza yenyewe ilifuata mwaka 1919, Nightingale akiwa amefariki tangu 1910, na jina la kwanza katika daftari lile likawa la Bibi Fenwick mwenyewe.

Hoja ya Nightingale si ngeni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba mitihani yetu yapima kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, wala haipimi tabia au nia ya kutumikia watu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likajaribu kuponya jambo hilo. Maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi na mwenendo wake vikaanza kuhesabiwa, na wa kidato cha sita hawakwenda tena Chuo Kikuu moja kwa moja, bali walipaswa kwanza kufanya kazi na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari wakati huo, nikaona ni jambo zuri sana. Bado naona nia yake ilikuwa nzuri. Lakini nilimwona ndugu yangu mmoja akizunguka miezi na miezi kutafuta barua ya kusema kwamba yeye ni mtu mwema, kwa sababu mkubwa mmoja wa kazini kwake hakumpenda, huku mwenzake aliyekuwa na mjomba aliipata kwa siku moja. Tabia ni kitu kikubwa kuliko maksi, lakini ushuhuda wa tabia huandikwa na mwanadamu mwenye shemeji na wadeni. Mtihani, pamoja na upofu wake wote, haujui wewe ni mtoto wa nani. Kwa binti wa muuza samaki hilo si jambo dogo.

Kuna jambo la pili ambalo Nightingale, kwa heshima zote, hakulipa uzito wa kutosha, nalo ni kwamba upendo hauwezi kuhesabu. Mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Dawa hiyo huokoa, nayo ikizidi husimamisha pumzi. Kabla ya kuongeza dozi, muuguzi hana budi kuhesabu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iwe karibu kwa ajili ya kuizimua. Mwenye huruma kuliko watu wote, asiyeyajua haya, ataua kwa huruma yake. Yule Msamaria tumsifuye alijua pia kwamba jeraha latiwa mafuta na divai, na kwamba mtu asiyeweza kwenda apandishwe juu ya mnyama. Angalikaa njiani analia tu, tusingalikuwa na habari zake.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa mtihani, kwa masikitiko kidogo. Siusimamii kwa kuwa waweza kumjua muuguzi. Nausimamia kwa kuwa waweza kumjua, mara nyingi, asiyestahili kuachwa peke yake bado. Neno "bado" nalikazia, maana binti huyu na wenzake walioanguka wameanza kuitwa mitaani "waliofeli", kana kwamba ni jina la kabila. Mama mmoja hapa kwetu alimwambia mbele yangu kwamba Mungu hakumpangia kazi hiyo. Nasema tusimtwike Mungu matokeo ya mtihani. Aliyeambiwa "bado" hajaambiwa "kamwe".

Lalamiko langu juu ya mtihani ni jingine. Maswali yote tunayoyafanya barazani ni ya Kiingereza. Naelewa sababu, vitabu ni vya Kiingereza, na madawa pia. Lakini jioni moja nilimwuliza swali kwa Kiswahili, akasita. Nikamwambia, "Mama wa makamo amekuja, anasema moyo unamwenda mbio, kifua kinabana, na mkono wa kushoto umekufa ganzi." Akaanza kuyarudisha maneno yangu katika Kiingereza, kimoyomoyo, nikiiona midomo yake ikitikisika, kabla ya kujibu. Wagonjwa wa Kinondoni hawaugui kwa Kiingereza. Huja na kichomi, na degedege, na "tumbo la kuendesha", na yule bibi asemaye "naumwa mwili mzima" akitaka uulize zaidi. Kule Uganda, Sir Albert Cook wa hospitali ya Mengo na mkewe Katharine, ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi, waliwafundisha wakunga kwa Kiganda, na Cook akaandika kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo. Hiyo ni karibu miaka mia iliyopita. Sijui kwa nini sisi, wenye lugha moja ya nchi nzima, tumechelewa.

Nina sababu yangu ya kuuweka mkazo juu ya lugha. Mwaka 1985 nilijifungua mtoto wangu wa pili katika kituo kimoja cha afya huko bara, mbali na mji, usiku, taa ya chemli ikiwa juu ya meza. Mtoto alitoka vizuri, kondo likatoka, nami nikaanza kutokwa damu. Nilisikia joto likishuka miguuni, na masikio yakaanza kuvuma. Muuguzi mkunga alikuwa mmoja tu. Alinikanda tumbo kwa nguvu mpaka nikapiga kelele, akanichoma sindano, akamweka mtoto anyonye, akaniondoa mkojo, akaendelea kukanda, na muda wote alikuwa akisema nami: "Mama, nitazame. Usilale. Mwite mtoto jina." Nilimwita jina. Leo mtoto huyo ni mtu mzima, yuko Temeke, ana watoto wake.

Mwezi uliopita nilimsimulia binti habari hiyo, naye akaihesabu kwa vidole kama mwanafunzi: kukanda mji wa mimba, sindano ya kuukaza, kibofu kiwe kitupu, mtoto anyonye. "Bibi, alifanya yote," akasema. "Yote ya kitabuni." Kisha akauliza kama yale maneno ya kunifanya nisilale nayo yamo kitabuni, akaanza kupekua. Nilimwacha apekue.

Simu ile hakuilipia. Sisemi hivyo ili mumsifu. Hela yenyewe hakuwa nayo, na mwenyewe akiri kwamba siku moja alikaribia kuikopa kwa mama yake. Mtihani ameufanya. Majibu hayajatoka hata ninapoandika haya. Bado huja jioni, maana asema akikaa bure atasahau, na sasa amefika maswali ya watoto wachanga, ambayo mimi siwezi kumsaidia isipokuwa kuyasoma kwa sauti.

Juzi, tulipokuwa tukifunga kitabu, aliniuliza juu ya yule kijana wa saba mara nane. "Na wale wengine, Bibi, uliowapitisha kwa kubashiri? Wako wapi sasa?" Nilimwambia kweli kwamba wengi bado ni walimu, wawili ni walimu wakuu, na mmoja nimesikia yuko shule ya hapa hapa wilayani kwetu. Akauliza kama nimekwenda kumwona. Nikasema, bado.